Mlinzi Tena

Magomeni Mapipa wananiita Soja. Jina lilitoka kwenye tamthilia: kila dairekta akiuona huu mwili wangu, ananipa rungu na sare ya mlinzi. Herufi za uchapaji wa zamani zilikuwa hivyo. Risasi iliyoyeyushwa inamiminwa kwenye kalibu, ikipoa ni A, na itabaki A mpaka iyeyushwe upya. Vijana wa kompyuta hugeuza maandishi "7" yakawa namba 7, sekunde haiishi. Sisi waigizaji, mh! Mohamed Fungafunga alipofariki 2020, mtaani walimlilia Mzee Jengua, baba mkali. Amri Athumani, 2018, vilevile: King Majuto. Wiki ijayo nina usaili. Nimeomba kuwa daktari. Wameniuliza kama nina buti zangu mwenyewe.