Upepo Usiogeuka

Siku ya tatu nikiwa Cabarete nilimpigia baba simu Tanga. Kwangu ilikuwa saa moja asubuhi, kwake saa nane mchana, na bahari mbele yangu imelala kama mafuta kwenye bakuli. Baba aliendesha majahazi kati ya Tanga, Pemba na Mombasa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo baada ya shikamoo na marahaba hakuuliza habari za hoteli wala chakula. Aliuliza, "Huko upepo gani?"

Nikamwambia unatoka mashariki. Asubuhi haupo. Jua likishaipasha moto nchi kavu, kuanzia saa sita hivi, unaamka, na alasiri unavuma hadi mchanga unachoma miguu. Upepo huo ndio ulioileta dunia hapa. Cabarete, kwenye pwani ya kaskazini ya Jamhuri ya Dominika, ilikuwa kijiji cha uvuvi na kilimo hadi miaka ya 1980, walipoanza kuja wageni wenye mbao zilizofungwa matanga. Siku hizi, saa tisa ikifika, anga ya ufuo wanaouita Kite Beach hujaa vishada vya rangi zote, na chini ya kila kishada kuna mtu amesimama juu ya ubao, anakata maji.

"Na ukigeuka, unavuma kutoka wapi?"

"Haugeuki, baba. Karibu mwaka mzima ni huohuo."

Akanyamaza. Baba ni mtu wa kaskazi na kusi. Upepo mmoja humpeleka, wa pili humrudisha, na katikati yake mtu hungoja, hutengeneza chombo, huoa hata. Kisha akauliza, taratibu, "Sasa watu wa huko wanarudije kwao?"

Sikuwa na jibu. Nina miaka kumi na minne Montreal, na mara ya mwisho kukanyaga Tanga nilikwenda kumzika mama.

Mchana ule nilikwenda kwenye somo langu la ubao na kishada. Mwalimu ni kijana wa hapahapa, wa rika moja na Deury Corniel, yule mwana wa Cabarete aliyegawana dhahabu ya mchezo huu kwenye Olimpiki ya Vijana, Buenos Aires, mwaka 2018. Kila mtoto ufuoni analijua jina hilo. Kishada kimeunganishwa na mkanda kiunoni mwangu kwa kamba ndefu, na mikononi nimeshika fimbo. Ukiivuta fimbo kifuani, kishada kinashika upepo zaidi. Ukiiachia, kinalegea. Maneno ni mepesi, lakini mwili ukiogopa hukumbatia. Kila niliporushwa niliivuta fimbo kwa nguvu zangu zote, nikazidi kuburutwa, chumvi puani, huku mwalimu akinipigia kelele niachie, niachie.

Nilipoweza kusimama juu ya ubao nilikuta shida nyingine. Upepo hunisukuma magharibi. Kila nikienda na kurudi nimeshapoteza hatua mia. Mwisho natokea mbali kabisa, nalaza kishada mchangani, nakikunja, nakibeba begani, narudi kwa miguu uso kwenye upepo. Siku ile nilirudi hivyo mara nne. Ni njiani humo, mchanga ukinipiga mashavuni, swali la baba lilipoanza kunielemea.

Maana upepo huu nilikuwa nimeusoma shuleni bila kuujua. Ndio uliosukuma merikebu kutoka pwani ya Afrika Magharibi hadi visiwa hivi, zimejaa watu. Upepo wa kurudi upo, lakini uko mbali kaskazini, na haukuwa wa waliouzwa.

Kuna mmoja aliyefika hapahapa Cabarete ambaye sijaacha kumfikiria. Jina lake Anta Majigeen Ndiaye, Mwolof wa Senegali, aliyezaliwa 1793. Akiwa na miaka 13 alinunuliwa Havana na Zephaniah Kingsley, mfanyabiashara wa watumwa, akapelekwa Florida, akamzalia watoto, akapewa uhuru 1811. Huko wakamwita Anna. Florida ilikuwa ya Hispania. Marekani ilipoichukua 1821, sheria zikaanza kuwabana watu weusi walio huru. Kingsley akapata ardhi upande huu, maana kisiwa chote wakati huo kilitawaliwa na Haiti, jamhuri iliyofuta utumwa, na mwaka 1838 Anna akahamia hapa. Kingsley alipofariki, jamaa zake wakaupinga wosia. Basi mwaka 1846 Anna akarudi Florida, ambako utumwa ulikuwa bado ni sheria, akaidai haki yake mahakamani, akashinda. Simfanyi mtakatifu. Yeye mwenyewe alimiliki watumwa, na hilo linaniuma kuliandika. Ila mwanamke mweusi kuipa kisogo nchi huru, akaingia tena alikofungwa ili adai chake, ni safari ya kwenda uso kwenye upepo.

Aliyenisuka nywele ufuoni, mama wa Kihaiti, hana safari ya namna hiyo. Tulizungumza kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Ana watoto wawili ng'ambo ya mpaka na miaka sita hajawaona. Akienda, pengine asiweze kuingia tena. Alisema hivyo huku akivuta nywele, hakusimamisha mikono.

Mabaharia wetu wana neno la kwenda dhidi ya upepo: kubisha. Chombo hakiendi moja kwa moja. Kinakwenda upande, kinageuza tanga, kinakwenda upande wa pili, na kila mara kinajipatia kidogo. Baba alilisifu jahazi lililojua kubisha. Na neno hilohilo alinigombezea mimi utotoni: mtoto wa kike, mbishi huyu, kila neno analo jibu. Nililibeba kama doa hadi Kanada. Kazini nilijifunza kutobisha, nikapandishwa cheo kwa hilo, na nyumbani nikawa mtu wa kuitikia tu.

Siku ya mwisho nilikandamiza visigino, ukingo wa ubao ukazama majini, nikaegemea nyuma hadi nywele zikagusa povu, macho nimeyaelekeza goshini, kule upepo unakotoka. Nilikwenda, nikageuka, nikarudi, nikageuka. Nilipotoka majini nilikuwa hatua kama kumi mbele ya mnazi nilioanzia, upande wa mashariki.

Nilingoja hadi saa tano usiku, ili simu imkute baba ametoka msikitini alfajiri.

"Baba, leo nimebisha."

Kimya kidogo. Nikasikia jogoo kwao.

"Kwenye kugeuka," akasema, "ulikuwa unapoteza kiasi gani?"

Nikakaa kitandani, nikaanza kumweleza.