Usilitie Ziwa Chumvi

Hirbadaw, Hanang

Mpwa wangu mpendwa,

Huku mvua zimekatika na njia zimeanza kukauka. Mama yako ameniambia kwamba wewe na wenzako mnatoka Dar na gari, mpite Dodoma na Kondoa hadi Babati, kisha mje huku kupiga picha maziwa ya volkano. Karibuni. Lami mtakuwa nayo hadi Katesh. Kuja Basotu ni vumbi, na ikinyesha udongo wetu unang'ang'ania tairi mpaka gari linagoma. Mafuta jazeni Katesh.

Sasa ile picha uliyonitumia, ya flamingo aliyekauka kama jiwe juu ya maji ya Ziwa Natron. Umeniuliza kama Ziwa Balangida la huku kwetu nalo linagandisha ndege namna hiyo. Mjomba, hata Natron haigandishi ndege namna hiyo. Aliyepiga picha zile, Mwingereza Nick Brandt, alizitoa kwenye kitabu mwaka 2013 na hakuficha kitu: aliokota mizoga ya ndege na popo iliyokaukia ufukweni ikiwa imeshikwa na magadi, akaipanga juu ya matawi na mawe, akaipa mkao wa viumbe hai. Lakini maelezo yaliachwa njiani, picha ikasafiri peke yake. Ziwa ambako flamingo wadogo wa Afrika Mashariki huenda kutaga na kulea makinda likapata sifa ya kuua kila kinacholigusa. Na ufundi wa Brandt sina ugomvi. Ninachokukataza ni kuitoa picha mkononi mwako bila maneno yake.

Hilo nalisema kwa sababu limetugusa. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80 Katesh, Gendabi na jirani zake, maiti zilikuwa bado zinatafutwa wakati maneno yanazagaa kwamba volkano imelipuka. Haikulipuka. Mwamba laini wa mlimani ulishiba maji ya mvua ukameguka. Fikiria mtu yuko Mwanza, ndugu zake wako Katesh, simu hazipatikani, halafu anasoma habari ya moto.

Tena mjue mnachopiga. Balangida si ziwa la kreta. Limelala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Maji yanaingia, pa kutokea hakuna, jua linayanyonya na chumvi inabaki. Kiangazi kikikaza unakuta uwanja mweupe unaoumiza macho, na watu wanachota chumvi. Pazuri sana, pigeni mpendavyo, ila msiandike kreta.

Kreta ziko Basotu. Kule uji wa moto kutoka chini ulikutana na maji yaliyo ardhini, maji yakawa mvuke kwa mpigo mmoja, ardhi ikaruka, kama tone la maji linapoangukia mafuta ya moto kwenye kikaango. Mlima haukujengeka. Kilichobaki ni shimo lenye ukingo mfupi wa majivu na mawe, na shimo likajaa maji. Ndiyo maana wapiga picha wengi hurudi wamenuna. Ziwa Ngosi kule Mbeya unapanda msitu, ghafla ziwa lote liko chini ya miguu yako. La Basotu, ukisimama ufukweni, utadhani ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Pandeni ukingoni, tumieni lenzi pana, na subirini mifugo ishuke kunywa ili mtazamaji apate kipimo cha ukubwa. Nendeni alfajiri kabla upepo haujaamka, maji yakiwa bado yametulia. Saa hizo jua linachomoza upande wa Hanang na mlima huwa kivuli kitupu. Picha ya mlima ngojeni jioni, jua linapoupiga usoni. Viboko wapo, kwa hiyo mambo ya kuingia majini na stendi ya kamera msiyajaribu.

Mkiona ngano imeiva hadi upeo wa macho mtasimamisha gari, najua. Piga, lakini ujue unapiga nini. Mashamba yale yalifunguliwa kuanzia miaka ya 1970 na NAFCO, shirika la serikali la kilimo, kwa msaada wa Kanada, na sehemu kubwa ilikuwa malisho ya wafugaji Wabarbaig. Watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani kuidai ardhi. Mahakama Kuu iliwapa haki, Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ikawanyang'anya sehemu kubwa ya ushindi ule. Trekta zilipita hata juu ya makaburi. Kwa hiyo ukiona kilima cha udongo kimesimama peke yake mbugani, usikipande upate pa kusimamia. Huenda ni bung'eda, kaburi la mzee aliyezikwa kwa heshima kubwa, na lina wenyewe. Akina mama waliovaa sketi za ngozi na vikuku vya shaba nao si pambo la ziwa lako. Shuka kwenye gari, amkia, kaa kidogo, ndipo uombe. Akikataa, amekataa, usijifanye unapiga mti ulio nyuma yake.

Droni kama mnayo, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga mje nacho mkononi, na mpite kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuirusha. Ng'ombe wakitawanyika kwa mlio ule, mimi sitakuwa na la kuwatetea.

Chukua daftari dogo. Kila picha andika mahali, siku, saa, nani yumo, na kama umesogeza kitu, andika umesogeza nini. Na picha za watu mkasafishe Babati mkiwa njiani kurudi, mzitume kwa basi la Katesh kwenye bahasha yenye jina langu. Nitazigawa mwenyewe siku ya mnada.

Mjomba wako