Kofia Nyekundu ya Mpiga Kengele

Katika shule yetu huko Mbagala, wilaya ya Temeke, alikuwako mzee mmoja mpiga kengele. Watoto walimjua toka mbali kwa kofia yake nyekundu. Alipofariki, sisi walimu twaliazimu kuvaa fulana nyeupe zenye picha yake siku ya kumkumbuka. Picha ilikuwa moja tu, na fedha tulizochanga zilitosha rangi mbili: nyeusi kwa picha yote, na nyekundu kwa kitu kimoja. Hapakuwa na shaka kitu hicho ni kipi.

Nalitumwa Tandika, kwa fundi wa kupiga chapa nguo, pamoja na mwana wa marehemu. Fundi alikuwa kijana. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikaitika, kisha akatueleza kazi yake kwa subira.

Chombo chake chafanana na chekeche: ni fremu iliyowambwa kitambaa chembamba sana. Hupakwa dawa mahali pa giza, ikaachwa ikauke. Juu yake huwekwa karatasi angavu yenye picha ya wino mweusi, kisha humulikwa kwa taa kali au kwa jua. Palipopigwa na mwanga, dawa huwa ngumu. Palipokingwa na weusi hubaki laini, ikaondoka kwa maji. Hapo ndipo wino upitapo, kama unga katika chekeche. Kila rangi yataka fremu yake, ndiyo sababu rangi zikizidi gharama nayo huzidi.

Lakini wino mweusi haujui kijivu: ama wapita, ama haupiti. Basi picha huvunjwa iwe nukta, kubwa penye kivuli na ndogo penye nuru, na jicho likitazama kwa mbali huona uso. Hila ya namna hii ni ya zamani. Gazeti la New York, Daily Graphic, liliitumia kupiga chapa picha tarehe 4 Machi 1880.

Fundi aliondoa rangi zote za picha katika kompyuta, akaitenga kofia katika karatasi ya pili. Akaifanya nyekundu tupu isiyo na nukta, maana mikunjo yake italetwa na nukta nyeusi zitakazopigwa juu. Akaipanua kiasi cha unene wa uzi, iingie chini ya weusi wa kandokando, isije ikaonekana nafasi nyeupe fremu zikisogea. Pembeni mwa karatasi zote mbili akatia alama za msalaba, zipate kulingana.

Kisha akasema, "Mwalimu, uso nao yafaa niutie nuru. Wino hutambaa katika pamba, nukta hunenepa."

Nikakataa kwa kiburi cha ualimu. "Mzee wetu alikuwa mweusi, usimbadilishe."

Akatii. Akapiga nyekundu kwanza, ikakauka, kisha nyeusi, juu ya tambara la kujaribia. Kofia iling'aa, bali uso ulikuwa kama masizi ya sufuria, macho hayakuonekana. Mwana wa marehemu akatazama, akasema polepole, "Kofia ni ya baba. Uso si wake."

Naliona haya. Nalidhani naitunza heshima ya mzee, kumbe namfuta. Nikamwomba fundi radhi, naye akautia nuru uso, hata katika kompyuta nikamwona mzee amepauka, ila macho na makunyanzi aliyaacha na weusi wake. Akatengeneza fremu mpya ya nyeusi, akapiga tena juu ya tambara. Wino ukatambaa kama alivyosema, weusi wa mzee ukarudi, na macho yake pia. Kijana yule hakusema neno. Tambara lilipokauka, alilikunja akalitia mfukoni.

Nanyi mkitaka kazi kama hii, pelekeni picha ya asili, si ile iliyopitishwa simu hata simu ikafifia. Chagueni kitu kimoja cha kutiwa rangi, kile ambacho mtu alijulikana nacho. Tena fulana yo yote isipigwe chapa kabla ya kujaribu katika tambara, na fundi aijuaye kazi yake asikilizwe.