Garimoshi la Milimani na Bahasha Zisizo na Majina

Miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa na kamati ya msikiti wetu mwaka huu, hakuna lililochukua muda mrefu kuliko pendekezo la mstari mmoja: familia zote za msikiti zisafiri siku moja kwenda milima ya Dandenong, mashariki ya jiji la Melbourne, zikapande garimoshi la kale liitwalo Puffing Billy. Ukarabati wa paa ulipita katika kikao kimoja. Ratiba ya darsa za jioni ilipita katika nusu ya kikao. Safari hii ilihitaji vikao vitatu, na kwa kuwa yaliyosemwa humo yanawagusa Waislamu wengi wanaolea watoto mbali na kwao, tumeona tuyaandike.

Sisi ni jamaa ndogo. Miongoni mwetu wamo watu wa Mombasa na Unguja, wamo wa Tabora na Kigoma, na wamo ndugu kutoka Kongo na Burundi ambao wengi wao walikaa miaka mingi katika makambi ya wakimbizi kabla ya kuletwa Australia. Kinachotuunganisha ni mambo mawili: dini na lugha ya Kiswahili. La kwanza, Alhamdulillahi, lina madrasa na walimu. La pili linatuponyoka. Watoto wetu wanakielewa Kiswahili wanapoamrishwa kuosha vyombo, lakini hawajibu kwa Kiswahili. Na wazee wetu wanakielewa Kiingereza cha daktari, lakini hawawezi kusimulia kwacho.

Mweka hazina alikuwa wa kwanza kupinga, na alikuwa na haki ya kupinga. Alisema fedha ya msikiti ni amana. Watu waliitoa kwa ajili ya nyumba ya ibada, wala hawakuitoa ili wengine wakapunge upepo. Wapo waliomuunga mkono, wakauliza iwapo matembezi ya garimoshi si jambo la kitoto. Wapo waliojibu kwamba Qur'ani yenyewe inatuhimiza tutembee katika ardhi na tuzingatie. Mjadala ulikuwa unakwenda mbele na kurudi nyuma, mpaka bibi yetu mmoja anayefundisha watoto wa kike Juzuu Amma alipoomba kusema.

"Wanangu," alisema, "mtoto anaijua njia ya shule na njia ya dukani, basi. Mzee anaijua njia ya hospitali na njia ya msikiti, basi. Njia hizi zinakutana wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Katika kikao hicho alikuwepo pia mzee wetu mmoja mzaliwa wa Tabora, ambaye huhudhuria kwa nadra kwa sababu ya maradhi ya figo. Mara 3 kwa wiki husafishwa damu kwa mashine. Alikuwa amenyamaza tangu mwanzo. Kisha akauliza swali moja tu: "Hilo garimoshi, linachoma makaa au mafuta?"

Kijana wa miaka 15, aliyekuja kumsubiri baba yake na ambaye hatukuwahi kumsikia akizungumza na mzee yeyote zaidi ya salamu, akatafuta jibu katika simu yake. Akasema kwa Kiswahili cha kubahatisha: "Makaa, babu. Makaa ya mawe." Mzee akaanza kumweleza jinsi reli ilivyofika Tabora mwaka 1912, wakati wa Wajerumani, na ikafika Kigoma mwaka 1914, na jinsi yeye mwenyewe alivyolala utotoni akisikia mluzi wa garimoshi usiku, akijua kwa mluzi huo kama linafika au linaondoka. Kijana alivuta kiti. Kikao kilikwisha, taa za ukumbi zikazimwa nusu, nao walikuwa bado wanazungumza. Tangu usiku ule mjadala haukuwa tena kama twende au tusiende. Ulikuwa ni kwa fedha gani na kwa utaratibu gani.

Kabla ya kueleza utaratibu, inafaa msomaji alifahamu garimoshi lenyewe, kwa sababu historia yake ina funzo kwa yeyote anayeendesha jambo la watu wengi bila mshahara. Njia hiyo ilifunguliwa Desemba 1900 ili kuwafikia wakulima na wakata mbao wa milimani. Ni reli nyembamba mno: upana wake ni milimita 762, ilhali reli ya kati ya Tanzania, ambayo wengi wetu tumeipanda, ina upana wa mita 1. Wembamba huo uliiwezesha kupinda kwenye kona kali za mlima pasipo kuchimba mahandaki. Mwaka 1953 udongo uliporomoka na kuifunika njia, na mwaka uliofuata serikali ikaifunga, kwa kuwa ilikuwa haileti faida.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mwaka 1955 wananchi waliunda chama cha kuihifadhi. Hawakuwa wenye reli, wala hawakuwa matajiri. Walijitolea mwisho wa wiki, wakafyeka magugu, wakabadilisha mataruma yaliyooza, na kwa msaada wa askari wa akiba wakachonga njia mpya ya kulikwepa poromoko. Mwaka 1962 garimoshi lilirudi, kutoka Belgrave hadi Menzies Creek tu. Mwaka 1965 lilifika Emerald. Mwaka 1975 lilifika Lakeside. Kituo cha mwisho, Gembrook, hawakukifikia mpaka mwaka 1998. Ni takriban kilomita 24 zilizorudishwa kwa zaidi ya miaka 35, na hadi leo mamia ya watu wa kujitolea ndio wanaoshika makoleo na bendera. Tulipoyasoma hayo katika kikao cha pili, mjumbe mmoja aliyekuwa amechoka na ujenzi wa vyoo vyetu vya udhu alicheka, akasema kwamba sasa ameona sisi hatujachelewa.

Tukarudi kwenye fedha. Kamati iliamua kwamba mfuko wa msikiti usiguswe hata senti moja. Gharama ya basi, tiketi na chakula itachangwa na wasafiri wenyewe. Uamuzi huo ulimridhisha mweka hazina, lakini ulizua shida nyingine ambayo kila katibu wa msikiti anaijua. Ukitangaza kiwango, mwenye nacho atalipa, na asiye nacho hatasema kuwa hana. Atasema ana udhuru. Mama mwenye watoto 5 na kibarua cha usiku atakwambia watoto wana mitihani. Utaandika "udhuru" katika daftari, na familia iliyohitaji safari kuliko wote itabaki nyumbani.

Kwa hiyo tukaweka sanduku kwenye ofisi, na pembeni yake bahasha za aina moja zisizo na majina. Kila mkuu wa familia atachukua bahasha, aende nayo nyumbani, airudishe imefungwa, na kuitumbukiza sandukuni. Mwenye uwezo ataweka zaidi ya sehemu yake. Mwenye kiasi ataweka kiasi. Asiye na kitu atatumbukiza bahasha tupu. Kinachoandikwa katika daftari ni kwamba bahasha imerudi, na anayerudisha bahasha amekwisha kupata nafasi. Mweka hazina aliuliza tutafanyaje ikiwa nyingi zitakuwa tupu. Tulikubaliana kwamba katika hali hiyo tutapunguza masafa ya safari, na watu tutawaacha wote.

Sanduku lilifunguliwa mbele ya watu 3 baada ya wiki 2. Bahasha zilikuwa 17. Tupu zilikuwa 4. Zilizobaki zilitosha kulipa gharama za watu 64, na zikabaki fedha za kununulia matunda. Nani aliweka nini, hatujui, wala hatutaki kujua.

Sasa utaratibu. Tumechagua mwezi wa Aprili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni moto. Katika miezi ya joto, siku zinapotangazwa kuwa za hatari ya moto, injini za mvuke huzuiwa zisirushe cheche msituni, na mabehewa huvutwa na injini ya dizeli. Hatukutaka mzee wetu afunge safari yote hiyo akute dizeli. Sababu ya pili ni sala. Jumapili ya kwanza ya Aprili saa za huku hurudishwa nyuma, na katikati ya mwezi huo Adhuhuri huingia yapata saa 6 na dakika 20 mchana, Alasiri yapata saa 9 na dakika 25, na Magharibi kabla ya saa 12 jioni. Tutapanda garimoshi la asubuhi Belgrave, safari ya kama saa moja hadi Lakeside, tuswali Adhuhuri kwa jamaa katika bustani ya ziwa, tule, turudi, na Alasiri tuiswali Belgrave kabla ya kupanda basi. Magharibi itatukuta kwetu, Inshaallah.

Baadhi ya vijana waliuliza kama tutapunguza sala. Jibu tulilowapa ni lile tulilofundishwa chuoni: kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, masafa ya kupunguza ni zaidi ya kilomita 80 kwa upande mmoja, na kutoka msikitini kwetu hadi mwisho wa safari hayafiki huko. Tutaswali rakaa zote, kila sala kwa wakati wake. Na kwa akina mama waliotoka nyumbani karibuni tumekumbusha jambo moja: kule Dar es Salaam tulielekea kaskazini, huku Kibla ni magharibi, ikiinama kidogo tu kaskazini. Mikeka itatandikwa na watu wawili wenye dira.

Chakula kitatoka majumbani: pilau katika masufuria yaliyofungwa mablanketi, sambusa, vitumbua, na chai ya tangawizi katika chupa kubwa. Bustanini kuna majiko ya umeme ya umma, lakini kwa kuwa hatujui kilichochomwa juu yake jana, atakayetaka kuchoma nyama aje na jiko lake. Nguo nzito ni lazima kwa kila mtoto, maana milimani kuna baridi kuliko mjini. Desturi ya miaka mingi ya abiria kukaa dirishani na kuning'iniza miguu nje ilisimamishwa baada ya garimoshi kugongana na basi dogo kwenye kivuko mwezi Machi 2018. Sisi tumeweka sharti letu wenyewe: watoto wote wataketi ndani, hata wakiruhusiwa vinginevyo. Behewa lenye nafasi ya kiti cha magurudumu tumeliagiza mapema. Siku ni Jumamosi, kwa sababu mzee wetu husafishwa damu Ijumaa, na Jumamosi ndiyo siku anayokuwa na nguvu.

Watakachokiona huko ni ardhi ya watu wa Wurundjeri, wenyeji wake wa asili: mikangaga mirefu kama migomba, daraja la mbao linalopita juu ya barabara na kijito, na ndege mwenye mkia wa umbo la kinubi anayeweza kuiga sauti za ndege wengine mmoja baada ya mwingine. Wataona pia mikaratusi. Kwetu Usambara na Iringa mkaratusi ni mti wa kupandwa, mti wa nguzo na kuni, na kila mtu husema ni mti mgeni. Hapa ni kwao, na jamii ya mkaratusi inayoota katika milima hii ni miongoni mwa miti mirefu zaidi itoayo maua duniani. Bibi yetu wa Juzuu Amma ameomba tusimame kidogo chini ya mti mmoja. Anataka kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba mti huu ulivuka bahari ukaenda kwetu, ukashika mizizi, na bado unaitwa kwa jina lake.

Yule kijana wa miaka 15 amepewa kazi ya kusukuma kiti cha mzee. Wiki iliyopita alikuja ofisini kuomba karatasi. Alikuwa anaandika majina ya sehemu za injini kwa Kiswahili, kama mzee anavyomtajia: tanuri, tangi, mluzi, gurudumu, breki. Amefika maneno 22. Mzee amemwambia mengine hayakumbuki, ila anadhani akiuona mtambo wenyewe atayakumbuka.

Basi litaondoka msikitini saa 2 kamili asubuhi. Nafasi zimejaa. Tunawaomba wasomaji watuombee hali ya hewa njema, na watuombee pia afya ya mzee wetu mpaka siku hiyo ifike. Amin.