Nyumba Alizojenga Babu

Ukitoka Songea kwenda Mbinga, ukishaipita Kigonsera milima inaanza kubanana, na juu ya mashamba ya ngoro, yale ya vishimo ya Wamatengo, unaziona nyumba za matofali mekundu ya kuchoma. Kadhaa kati ya hizo alizijenga babu yangu mzaa mama.

Uashi aliupata kwa Wabenediktini wa Peramiho. Walifika pale mwaka 1898, vita vya Majimaji vikaiteketeza misheni yao mwaka 1905, nao wakajenga upya. Kanisa lao kubwa la abasia lilipokamilika mwaka 1948, vijana wengi walioanza kwa kubeba udongo walikuwa wameshajua kushika mwiko na timazi. Babu alikuwa mmojawao.

Ila kilichomjengea Mmatengo nyumba ya tofali ni kahawa. Ushirika ulipotoa malipo ya pili, watu walipitia kwetu kabla ya kwenda dukani. "Shikamoo, fundi. Mwaka huu tunataka kutoka kwenye nyasi." Babu hakutaja bei kwanza, aliuliza maji yako umbali gani.

Kazi ilikuwa ya kiangazi. Udongo ulikanyagwa kwa miguu, ukapigwa kwenye kibao, matofali yakaanikwa na kufunikwa majani. Kisha tanuri lilipangwa, likakandikwa tope, likachomwa kwa magogo usiku na mchana. Sisi watoto tulikesha na wazee, tukichoma viazi kwenye mdomo wa tanuri, baridi ya Umatengo ikitupiga mgongoni. Lilipopoa, babu aligonganisha matofali mawili. Yakilia kama kengele, yalikwenda ukutani. Yenye sauti nzito yalijenga banda la nguruwe.

Kwa kuwa saruji ilikuwa ghali, ukuta aliujenga kwa tope, saruji akaipitisha kwenye maungio ya nje tu. Nondo hakuwa nazo, hivyo juu ya kila dirisha alipinda tao la matofali, kama alivyoona Peramiho. Kwa matao hayo naitambua kazi yake hata leo, na sijaona bado moja lililoanguka lenyewe.

Aliteremka pia Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli, akilipwa nusu fedha, nusu dagaa wakavu. Yeye Mkatoliki, alipofika Liuli alitaka kwanza kuona majengo ya Waanglikana, kwenye misheni alikozikwa mmisionari William Percival Johnson mwaka 1928. Aliyakagua kona kwa kona, bila haraka.

Siku hizi mjini Mbinga watu wanajenga kwa bloku, na matao yanavunjwa ili madirisha ya alumini yaingie. Inaniuma. Nimeshuhudia moja ya nyumba zake ikibomolewa kupisha fremu za maduka. Vijana walitegemea kupata kifusi, lakini tope lililegea kwa nyundo ndogo, matofali yakatoka mazima, moja moja. Mwenye nyumba alisitisha lori, akaagiza yapangwe uani. Ameyajengea jiko na ghala la kahawa.