Kodi ya Kanisa na Daftari la Jumuiya

Mtanzania anayepata ajira Ujerumani hukutana na dini yake mahali ambapo hakuitarajia: kwenye hati ya mshahara. Pamoja na makato ya kodi ya mapato, bima ya afya na pensheni kuna mstari mmoja zaidi, Kirchensteuer, yaani kodi ya kanisa, na kwenye taarifa zake binafsi zimeandikwa herufi mbili tu: ev kwa Mprotestanti, rk kwa Mkatoliki. Hakuna mzee wa kanisa aliyempigia hodi, wala bahasha aliyokabidhiwa. Siku alipokwenda kuandikisha anwani yake katika ofisi ya mji aliulizwa dini, akajibu bila kusita kama alivyojibu miaka yote shuleni na hospitalini, na jibu lile likasafiri lenyewe hadi kwa mtoza kodi. Kwa aliyekulia katika usharika wa Machame au parokia ya Peramiho hili linashtua, na wengi wetu tukikutana huku Ujerumani tunalimaliza kwa sentensi moja: Wazungu wamegeuza imani kuwa kodi. Ni sentensi tamu, ila inatuzuia kuona mengi, ya kwao na ya kwetu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kodi hiyo ni asilimia 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 katika majimbo mengine. Tena si asilimia ya mshahara, ni asilimia ya kodi ya mapato. Kwa anayekatwa kodi ya mapato ya euro 300 kwa mwezi, pale penye asilimia 9, kodi ya kanisa ni euro 27. Mwanafunzi asiye na kipato, mama anayelea watoto bila ajira, kibarua ambaye ujira wake haujafikia kiwango cha kutozwa kodi, wote hao kwa kawaida hawatozwi hata senti, na mbele ya kanisa ni waumini kamili: watoto wao wanabatizwa, ndoa zao zinafungwa, wazee wao wanazikwa. Anayehubiri Jumapili hana haja ya kujua nani katoa ngapi. Sasa tazama kwetu. Fungu la kumi linahubiriwa kwa wote, muuza mchicha na mwenye lori, kisha zinafuata sadaka ya kila ibada, ahadi ya mwaka, mavuno, mchango wa jengo, mchango wa kwaya kwenda mashindanoni, mchango wa kumpokea askofu. Ukipima kwa uzito unaomlemea asiye na kitu, kodi ya Kijerumani ni nyepesi kuliko sadaka yetu ya hiari. Kukiri hivyo kunauma kidogo, lakini tarakimu hazina upendeleo.

Kasoro ya mfumo wao iko kwingine, na ili kuiona inafaa kujua ulikotoka. Mwaka 1803 watawala wa nchi za Kijerumani walijitwalia sehemu kubwa ya mashamba na mali za kanisa. Karne ya 19 ilipokuwa ikisonga, serikali mbalimbali ziliona ni afadhali waumini wenyewe wagharimie makanisa yao kuliko hazina kuyabeba, na kodi ikazaliwa. Katiba ya Weimar ya 1919 ikaipa ulinzi, na Sheria ya Msingi ya 1949, ambayo ndiyo katiba ya Ujerumani hadi leo, ikakichukua kifungu hicho kama kilivyo. Kwa hiyo si ujanja wa mapadri wala wachungaji. Kwa asili ni njia ambayo dola ilijivua mzigo. Serikali inakusanya, inakata ada yake ya ukusanyaji, kisha inakabidhi. Matokeo yake ni kwamba Mkristo anaweza kulipa kanisa miaka 40 bila mtu yeyote wa kanisa hilo kumjua kwa sura. Na kama hajulikani akiwa ndani, hatajulikana akitoka. Kujitoa ni suala la kwenda ofisi ya usajili au mahakamani, kulingana na jimbo, kuonyesha kitambulisho, kulipa ada ambayo katika majimbo mengi ni kama euro 30, na kutia saini. Mwaka 2022 peke yake Wakatoliki zaidi ya 520,000 walifanya hivyo. Wapo walioondoka kwa hasira ya kashfa za unyanyasaji wa watoto, na hasira hiyo ni halali. Lakini wapo pia vijana waliopata mshahara wa kwanza, wakauona ule mstari, wakajiuliza unawapa nini, wakakosa jibu kwa sababu hakuna aliyewahi kubisha mlangoni mwao.

Nyumbani mlango unabishwa, tena alfajiri. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa kazi ya kichungaji, na Walutheri nao wana jumuiya zao za mitaa. Nyumba chache za majirani zinakutana kwa zamu, leo kwa mama huyu, wiki ijayo kwa mzee yule. Viti vya plastiki vinaazimwa, Neno linasomwa, kisha katibu anafungua daftari. Nani mgonjwa? Nani kafiwa? Mtoto wa nani kakosa ada? Humo ndimo sadaka yetu inapopata maana ambayo hati ya mshahara haiwezi kuipa. Na kama unataka kuiona ikicheka, simama nje ya kanisa la Kilutheri Kilimanjaro ibada ikishaisha. Kuna mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kuku amefungwa miguu, chupa ya maziwa iliyoletwa na bibi asiye na noti. Mzee mwenye sauti anaanza kunadi. Mkungu unanunuliwa, aliyeununua anaurudisha, unanadiwa tena, unapanda bei, na mwisho unapewa mgeni au mjane. Yule bibi aliyeleta maziwa anayaona yakigombaniwa na mwalimu mkuu na daktari. Kwa dakika hizo chache mchango wake una heshima sawa na wa mwenye gari, na hakuna kodi duniani iliyowahi kufanya hivyo.

Kinachoshangaza ni kwamba mmoja wa walioitetea sana namna hiyo ya kuishi Ukristo alikuwa Mjerumani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi, kwa vipindi, hadi 1938, alishikilia kwamba kanisa lijengwe juu ya vifungo ambavyo Wachaga walikuwa navyo tayari: ukoo, ujirani na rika. Aliamini Ulaya ya viwanda ilikuwa inavikata vifungo hivyo na kumwacha mtu peke yake. Aliwahi kulaumiwa, na si bure, kwamba alitaka kuwagandisha watu katika mila wakati wao walitaka shule na biashara. Hata hivyo jambo moja aliliona mapema: mtu akibaki na Mungu wake na ofisi tu, imani itakauka. Na tusisahau kilichomleta. Vyama vya misheni kama cha Leipzig, kilichoanzishwa mwaka 1836, vilisimama kwa michango ya hiari ya Wakristo wa kawaida, vikundi vya akina mama na wakulima waliotoa kidogokidogo. Injili iliyofika mlimani ililipiwa kwa njia inayofanana na mnada wetu kuliko inavyofanana na Kirchensteuer.

Mpaka hapa msomaji aliye nyumbani anaweza kujipongeza. Asiharakishe. Lile daftari linaloandika wagonjwa ndilo hilohilo linaloandika nani hakuja na nani hajatoa. Mzazi anayetaka mtoto abatizwe anahitaji barua ya jumuiya. Anayetaka kufunga ndoa, vilevile. Na siku ya msiba ndipo ukurasa unapofunuliwa mbele ya jeneza. Sote tunazijua habari za marehemu aliyenyimwa ibada kamili kwa sababu hakushiriki jumuiya, au alikuwa na madeni ya michango, na familia ikabaki inahangaika kutafuta wa kusoma sala huku turubai limeshafungwa na wali uko jikoni. Hapa ndipo Ujerumani na kwetu zinapokutana, mahali ambapo hakuna anayepatarajia. Kwa agizo la maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani la mwaka 2012, aliyejitoa rasmi ofisini, na hivyo akaacha kulipa kodi, hapokei sakramenti, na anaweza kukataliwa mazishi ya kanisa kama hakuonyesha majuto kabla ya kufa. Makanisa mawili yenye tabia mbili tofauti kabisa, moja halikujui na lingine linakujua mpaka sufuria zako, yote yanafika kaburini na hesabu mkononi. Tofauti yao ni kwamba la Ujerumani linamfuata aliyeamua mwenyewe kutia saini. La kwetu linaweza kumfuata aliyekosa tu.

Watetezi wa daftari wana hoja, na inafaa zisikilizwe. Wanasema hatuhesabu fedha, tunahesabu ushiriki. Jumuiya ni familia, na asiyekaa na familia asishangae familia isipomjua. Ni hoja nzuri kwa mwenye nafasi ya kuhudhuria. Mlinzi wa usiku anatoka lindoni saa 12 asubuhi. Binti wa kazi za ndani haruhusiwi kuvuka geti. Muuza nyanya anakimbilia sokoni kabla mzigo haujaisha, na dereva wa bodaboda ana hesabu ya bosi. Hao ndio wasioonekana kwenye daftari, na kwa bahati mbaya ndio haohao wasio na kitu, hivyo kuhesabu mahudhurio kunaishia kuwa kuhesabu umaskini kwa jina lingine. Familia inayomkosa mtoto mezani humtafuta alipo, haingoji afe ndipo imwonyeshe kwamba haikumwona.

Wengine wanasema bila kusomwa majina hadharani watu hawatatoa. Mnada unawajibu nusu: pale watu wanatoa kwa furaha, na furaha inakusanya kuliko aibu. Nusu nyingine ya jibu iko Kenya. Kanisa likizoea kutangaza kiasi kwenye kipaza sauti, atakayetangazwa kwa sauti kubwa kuliko wote ni mwanasiasa. Ilibidi mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatae mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais William Ruto katika kanisa Katoliki la Soweto, ili kulinda madhabahu isigeuke jukwaa. Uamuzi ule ulipongezwa, na ulistahili. Lakini desturi iliyoufanya uhitajike ni ya kila Jumapili, na inaanza na orodha ndogo ya ahadi kwenye ubao wa matangazo.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tuige kanisa linalokimbiwa. Siombi tuige kodi. Kanisa la Ujerumani linakimbiwa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni hiyo ya kutowajua watu wake, ambayo sisi hatuna. Ninachotaka tukichukue ni kanuni moja iliyofichika ndani ya sheria kavu ya kodi: asiye na kipato hadaiwi, na wala hana haja ya kwenda kujieleza kwa mtu kwamba hana. Halazimiki kumpigia magoti mweka hazina. Yesu mwenyewe, katika mahubiri yale ya mlimani, alitaka sadaka iwe siri ya mtoaji na Baba yake, na inatia aibu kidogo kwamba katika hilo ofisi ya kodi ya Munich imemsikiliza vizuri kuliko usharika wetu.

Sisi tulio huku tusijifanye waamuzi wasio na doa. Wapo wanaojiandikisha kuwa hawana dini ili kuukwepa ule mstari, halafu Jumapili wanaimba kwenye ibada ya Kiswahili ndani ya jengo linalopashwa joto kwa kodi ya wengine. Walewale, ukianzishwa mchango wa bati la kanisa la nyumbani kwenye kundi la WhatsApp, wanatuma euro 100 usiku huohuo na picha ya risiti. Siwaiti wanafiki wote. Tulifundishwa tangu utoto kwamba sadaka ni kitu cha kuonekana kikitolewa, na isiyoonekana hatuisikii kama sadaka. Lakini kama wewe ni miongoni mwao, jua kwamba umekana kwa saini kile unachokiimba, na euro 27 ni bei ndogo ya kukitamka tena.

Na kwa wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na waweka hazina wanaosoma haya: bahasha za sadaka tayari zina namba. Jina la mwenye namba libaki kwa mweka hazina, orodha ya majina na kiasi iondoke ubaoni, na barua ya ubatizo au ya mazishi isipitie kwenye ukurasa wa michango. Mwenye nafasi ya kusema katika baraza la wazee apeleke hoja hiyo sasa, kabla ahadi za mwaka ujao hazijaandikwa.