Kulima Seli

Mimi ninasoma lugha, si biolojia. Hata hivyo, kazi ya mtafiti Mjapani Yasumura Yosihiro inanihusu.

Mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha Chiba, yeye na mwenzake walitoa seli katika figo ya tumbili wa Afrika, wakazikuza chomboni. Zilizidi kugawanyika bila kuchoka. Waliziita Vero, kifupisho cha maneno ya Kiesperanto yenye maana ya «figo ya kijani». Na katika lugha hiyo vero ni ukweli.

Tangu 2018 hadi 2020, watu zaidi ya 300,000 hapa mashariki mwa Kongo walichanjwa dhidi ya Ebola. Chanjo ile ilitokana na seli za Vero. Mama aliniuliza: «Mwanangu, wanatuchoma Ebola yenyewe?» Karatasi ya Kifaransa haikumjibu.

Katika Kifaransa, neno la kukuza seli ni lilelile la kilimo na la utamaduni. Nikashika kilimo. Nikamwambia: «Mama, seli ni shamba. Hulishwa, huwekewa joto la mwili. Mbegu ni kirusi kingine, kilichopewa kipande kimoja tu cha Ebola ili mwili ujifunze kumtambua adui. Mavuno husafishwa, ndiyo chanjo.»

Alinyamaza, kisha akauliza siku ya kuchanjwa.

Wenzangu, mtafiti hutumia miaka mingi kulima seli. Kazi yake hufika nyumbani ikipata maneno, na maneno ni shamba letu.